Chango, Majira na Kitanda cha Mwana Kupona

Makala haya yalianza kama zoezi la semina, yakaishia kuwa ugomvi. Swali tulilopewa kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili analijua, maana huzunguka kila mwaka kama daladala: "Jadili nafasi ya mwanamke katika Utenzi wa Mwana Kupona." Majibu yake pia tunayajua. Kambi ya kwanza husema utenzi ule ni chombo cha mfumo dume, mama anamfunza bintiye kunyenyekea na kumhudumia mume hata usingizini. Kambi ya pili hujibu kwamba tusimhukumu mtu wa mwaka 1858 kwa macho yetu, na kwamba chini ya unyenyekevu ule kuna werevu wa mwanamke anayejua namna ya kuishi katika dunia ya wanaume. Kambi zikishapigana saa nzima, mhadhiri hufunga daftari, sote tunakwenda kula.

Siku ile mimi sikupigana. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nimejikunja, chupa ya maji ya moto imo ndani ya mkoba nilioukumbatia tumboni. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu niache vidonge vya majira, na maumivu yalikuwa yamerudi. Katika hali hiyo nikausoma upya mwanzo wa utenzi, nikaona jambo ambalo nililipita mara nne au tano nikiwa mzima. Kumbe yule mama ni mgonjwa. Anasema mwenyewe, mapema kabisa, kabla ya nasaha hata moja. Anamwita bintiye karibu, anaeleza kwamba ameugua kwa muda wa mwaka mzima, ndipo anaagiza wino na karatasi.

Nikanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, huyu mama alikuwa anaumwa nini?" Darasa likacheka. Mwenzangu mmoja akadakia: "Fasihi si hospitali, dada." Makala haya ni jibu langu kwa kicheko kile.

1. Ugonjwa na neno lake

Ugonjwa nilio nao madaktari wanauita endometriosisi. Kwa maelezo mepesi, tishu inayofanana na ile inayotanda ndani ya mji wa mimba huota nje yake: kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Nayo hutii homoni za mwezi kama ile ya ndani. Huvimba na kuvuja damu, ila damu hiyo haina njia ya kutokea. Matokeo yake ni uvimbe, makovu, viungo kugandana, maumivu makali, na kwa baadhi ya wanawake shida ya kushika mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana wenye umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi duniani. Tiba ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Kuna dawa za kutuliza maumivu, kuna upasuaji, na kuna dawa za homoni: vidonge vya majira, sindano, kijiti, kitanzi chenye homoni. Ndiyo, ndugu msomaji, ni zile zile za uzazi wa mpango. Huutuliza ugonjwa kwa kuutuliza mzunguko wa mwezi, lakini haziung'oi. Ukiziacha, maumivu yanaweza kurudi.

Sasa, ukishuka mwendokasi Gerezani ukakatiza kuelekea sokoni Kariakoo, utakutana na mabango ya dawa za asili yaliyoandikwa kwa mkono: ngiri, bawasiri, kisukari, nguvu za kiume, chango. Mimi naishi huko, kwa shangazi yangu, na mabango hayo ni fasihi ninayoisoma kila siku kabla ya ile ya Mlimani. Neno "chango" lina kazi nyingi. Ni utumbo, ni mnyoo wa tumboni, na ni maumivu ya tumbo la uzazi ya mwanamke. Yaani lugha imechukua utumbo, mnyoo na mateso ya mwezi, ikavifunga katika karatasi moja kama muuza viungo anavyofunga binzari.

Sisemi neno ni baya. Wanawake wengi wamesitirika ndani yake. Mtu akikwambia "nina chango" humdadisi zaidi. Lakini hapo hapo ndipo penye tatizo, maana ni neno la kufungia mazungumzo. Mzee mmoja muuza dawa, mwenye adabu zake, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Binti yangu, hilo chango. Ukizaa litakwisha." Maneno hayo hayo nilikwisha kuyasikia kwa shangazi, kwa muuguzi mmoja, na hata kwa mwanafunzi mwenzangu wa kiume ambaye sidhani anajua tumbo hilo linaanzia wapi.

Kitaalamu sentensi ile si ya kweli. Mimba inaweza kuleta nafuu ya muda kwa baadhi, lakini si tiba, na daktari hapaswi kumwandikia mtu mimba kama dawa. Kifasihi, hata hivyo, sentensi ile ina thamani kubwa, maana ndani yake mna msuko mzima wa hadithi. Kuna mgogoro (tumbo), kuna suluhisho (mtoto), na kuna mwisho. Naomba msomaji aikumbuke. Tutakutana nayo tena.

2. Jinsi nilivyosomwa

Nilianza vidonge mwaka wa kwanza, kwa ushauri wa daktari, baada ya miaka ya kuanguka darasani na kuitwa mvivu. Kwa muda wa miaka miwili nikawa mtu kama watu. Nilihudhuria mihadhara siku zote za mwezi, nikafanya mitihani bila kuhesabu tarehe. Shangazi sikumwambia. Vidonge nilivificha ndani ya soksi.

Jumamosi moja alikuwa akipanga nguo, akaviona. Akaketi kitandani, kile kikaratasi mkononi.

"Mwanangu, haya si majira haya?"

"Ndiyo, shangazi."

"Unayatumia kwa nani?"

Angalieni swali lile. Hakuuliza "kwa nini", aliuliza "kwa nani". Nikaeleza kwamba ni dawa ya tumbo, daktari ndiye aliyeniandikia. Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayedai amepewa chenji pungufu. Halafu akaongeza ile hofu nyingine, kwamba vidonge vinaharibu kizazi na mimi bado sijaolewa. Hilo nalo si kweli. Uwezo wa kushika mimba hurudi mtu akiacha vidonge. Hata sindano, ambayo inaweza kuuchelewesha kwa miezi mingi, hata mwaka, haiuondoi. Lakini kwa mtu wa hali yangu hofu hiyo huuma mara mbili, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kugusa uzazi. Ugonjwa hufanya kosa, lawama wakabebeshwa dawa na msichana aliyeimeza.

Shangazi si mtu mbaya. Amenilea tangu darasa la tano kwa meza yake ya khanga. Siku ile alikuwa msomaji tu, akanisoma kwa hadithi alizo nazo. Katika hadithi hizo msichana asiyeolewa mwenye vidonge ana maana moja peke yake.

Niliacha wiki ile ile. Sikwenda kumuuliza daktari, na hilo ni kosa langu. Mtu asinifuate hapo. Mwezi wa kwanza nilidhani nimepona. Wa pili nililala siku mbili. Wa tatu yalinikamata Mtaa wa Congo, mchana, katikati ya machinga, nikaketi juu ya belo la mitumba la watu. Kijana mwenye mali akanifokea, kisha akauona uso wangu, akanyamaza, akaniletea maji. Siku mbili baadaye ndiyo ilikuwa ile semina.

3. Tumbo la shahidi

Swali langu la kihakiki ni hili: shangazi alizipata wapi hadithi alizonisomea? Kwa sehemu ni za mtaani. Lakini na sisi wa fasihi andishi tumo. Nichukue mifano mitatu tunayoijua wote.

Katika Rosa Mistika (1971) Euphrase Kezilahabi alithubutu kuliko wengi wa wakati wake, hata kitabu kikazuiwa mashuleni kwa muda kabla ya kuja kusomwa kwa wingi. Tumbo la Rosa limo katika sehemu kubwa ya riwaya: mimba, kutoa mimba, mchumba kumkataa, kisha kifo kwa mkono wake mwenyewe. Kwamba mwandishi anayashitaki malezi ya Zakaria, baba wa Rosa, sikatai. Semina nzima zimefanywa juu ya hilo. Ninachosema ni kwamba tumbo la Rosa lina kazi moja, nayo ni kusimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Katika tamthilia ya Hatia (1972) ya Penina Muhando, mimba ya Cecilia, msichana aliyekwenda mjini, ndiyo inayousukuma mchezo, na kinachowashughulisha watu ni mimba hiyo ni ya nani. Tena "ya nani". Shangazi hakulitunga swali lake, alilirithi.

Mfano wa tatu si wa kitabu. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Wazazi wetu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu. Mchezo ulitungwa kwa makusudi ya kuhimiza uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI, na watafiti walizipima athari zake: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi 1995 ili kulinganisha wasikilizaji na wasiosikiliza. Kama kampeni, ulifanya kazi yake, nami nauheshimu. Lakini tukiuhakiki kama sanaa tuone umeliweka wapi suala la kidonge. Umeliweka katika ndoa, baina ya mume na mke, kwa ajili ya kupanga idadi ya watoto. Huko ndiko lilikobaki.

Basi fasihi yetu inatupa nafasi za mwanamke na tumbo lake: mke anayepanga, msichana anayeficha, tasa anayelaumiwa, mzazi anayepongezwa. Nafasi ya mgonjwa anayemeza kidonge ili aweze kusimama sijaiona. Shangazi hakuikosa kwa ujinga. Hakuna aliyempa. Nani angempa kama si sisi?

Hapa mwenzangu wa "fasihi si hospitali" atasimama tena. Atasema ninachotaka ni kipeperushi cha kliniki, kisha nikiite riwaya. Tena ana hoja, nami sitaki kumjibu kwa hasira. Riwaya iliyoandikwa ili kufundisha dalili za ugonjwa itakuwa mbaya, na mimi nitakuwa wa kwanza kuiponda katika kurasa hizi. Lakini hoja yake ina tundu. Fasihi yetu imejaa njaa, ulevi, vita na vifo. UKIMWI umeandikiwa riwaya, tamthilia na mashairi, na hakuna aliyesema kwamba fasihi imegeuka hospitali. Kwa nini kicheko kinatoka tu mtu akiuliza juu ya tumbo la mwanamke?

Isitoshe, siombi mwandishi yeyote aongeze kitu. Naomba sisi wahakiki tusome kile ambacho kimekwisha kuandikwa.

4. Kitanda cha Mwana Kupona

Turudi Siyu. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyefariki 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, anamtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa beti mia na kitu. Yapo maelezo ya maisha yake yanayosema kwamba alikufa kwa kutokwa damu ya kizazi. Alice Werner na William Hichens walipouchapa utenzi mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kichwa walichoupa kilitaja nasaha juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo, nadhani, tumekuwa tukisoma kichwa kile kuliko utenzi wenyewe. Mume ameletwa mbele ya jukwaa, na mgonjwa amesukumwa nyuma ya pazia.

Nini kinabadilika tukimrudisha mgonjwa mbele? Naona mambo matatu.

Kwanza, ugonjwa ndio sababu ya utenzi kuwapo. Mama mzima humfunza binti yake kidogo kidogo, jikoni, njiani, kisimani. Anayeona muda unamwishia hulazimika kuyafunga yote katika mzigo mmoja. Ule mpangilio wa haki za watu watano, yaani Mungu, Mtume, baba, mama na mume, tumezoea kuuita itikadi. Ni itikadi, lakini pia ni orodha ya mtu mwenye haraka.

Pili, zile beti za kumhudumia mume, ambazo ndizo zinazotugombanisha, zinazungumzia sana mwili: kukandwa, kupepewa, kuachwa ulale bila kelele. Aliyelala mwaka mzima anajua thamani ya mambo hayo kuliko mtu yeyote nyumbani. Inawezekana kwamba mama anamfundisha binti kumtendea mume yale ambayo mwili wake yeye mwenyewe umeyahitaji. Sisemi kwamba hilo linaufuta unyenyekevu uliomo, haliufuti. Kambi ya kwanza ina haki yake. Ila linatuonyesha kwamba elimu ya kutunza mwili ilikuwapo, na ikaelekezwa kwa mtu mmoja tu ndani ya nyumba. Nadhani hiyo ni hoja nzito dhidi ya mfumo dume kuliko ile ya kumlaumu Mwana Kupona kwa kunyenyekea.

Tatu, utenzi unaishia katika dua, naye mwenyewe yumo miongoni mwa wanaoombewa afya. Mwenye jina la Kupona anaomba kupona. Sisi huwa tumekwisha kufunga daftari, maana swali la mtihani halifiki kule.

Nitoe tahadhari. Nilipokuwa nasoma na chupa yangu ya maji ya moto, nilitamani sana kusema kwamba Mwana Kupona alikuwa na ugonjwa wangu. Nimejizuia. Utenzi hausemi, na kutokwa damu kuna sababu nyingi. Mhakiki anayempa marehemu ugonjwa ili apate mwenzake hana tofauti na shangazi aliyenipa mwanamume nisiyekuwa naye. Tunachoruhusiwa kusema ni kile kilichomo: mwanamke anaumwa kwa muda mrefu, anasema kwamba anaumwa, na wasomaji wa zaidi ya miaka 160 wamelipita neno hilo wakiharakia chumba cha mume.

5. Simulizi mpya na mwisho wake

Katika miaka ya karibuni imezuka aina nyingine ya simulizi, ushuhuda wa hadharani. Hapa kwetu Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alijitokeza akaeleza jinsi alivyoteseka na endometriosisi tangu alipokuwa msichana mdogo na jinsi alivyopasuliwa mara nyingi. Wengi wetu neno lenyewe tulilisikia kwake. Mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume, na nchi ikafurahi. Nami nilifurahi. Lakini kama wahakiki tuangalie jinsi tunavyopenda kuisimulia habari ile: mateso, subira, mtoto, mwisho. Ukizaa litakwisha! Tumemchukua mwanamke aliyevunja ukimya, tukamwingiza katika msuko ule ule wa muuza dawa.

Jirani zetu Kenya walikuwa na Njambi Koikai, mtangazaji, ambaye ugonjwa ulimfika hadi kifuani na kuyaathiri mapafu. Alitibiwa Marekani, akarudi, akaendelea kusema kwa sauti yake mwenyewe mpaka alipofariki Juni 2024. Simulizi yake inakataa ule msuko, kwa kuwa haina mahali pa kusema "na hivyo yakaisha". Labda ndiyo sababu inatushinda kuisimulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Njambi hakuficha kitu, na kifo kilikuja vile vile. Methali haikumtosha.

6. Hitimisho

Nimerudi kwa daktari. Tunazungumza kama nirudie vidonge vile vile au nijaribu kitanzi chenye homoni, na bado sijaamua. Safari hii nataka niamue kwa sababu ya tumbo langu. Mara ya kwanza niliamua kwa sababu ya soksi.

Wiki iliyopita umeme ulikatika. Shangazi na mimi tulikuwa barazani, marobota ya khanga yamefunikwa. Yeye ni mtu wa Tanga, na jina la Mwana Kupona alilisikia utotoni kwa mama yake. Nikamsomea mwanzo wa utenzi kwa tochi ya simu, nikimfafanulia Kiamu pale kilipomkwama. Nilipofika kwenye ugonjwa akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mwaka mzima?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na damu?"

"Wanasema ndiyo iliyomuua."

Akakaa kimya. Halafu akauliza, "Sasa nani alikuwa akimfulia?"

Nimepekua daftari langu la semina, kurasa zote za kambi zote mbili. Swali hilo halimo. Shangazi hakufika kidato cha kwanza, na kwa swali moja alikwisha kuingia chumbani, akaona shuka, akamwona Mwana Hashima na kijakazi na beseni, akajua kwamba wakati nasaha zinaandikwa kuna mtu alikuwa kisimani. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi ulizeni huko chuoni kwenu." Asubuhi yake, alipokuwa akiniamsha, aliweka chupa ya maji ya moto kando ya mto wangu, wala hakusema lolote.

Naliuliza basi, hapa, mbele ya wenzangu na wahadhiri wangu. Nani alikuwa akimfulia? Mwenye jibu asiende nalo hospitali. Alilete semina.